Vishada vya 13 na 4 katika vustaiti: ushahidi upo, lakini si wa kila sampuli

Madini ya chuma ya Muko, Kigezi, nchini Uganda, ni hemataiti (Fe2O3). Ya Sukulu, Tororo, yana magnetaiti (Fe3O4) kwa wingi. Yakiondolewa oksijeni katika joto la juu ya 570 °C, yote hupitia vustaiti, oksidi ya chuma yenye oksijeni kidogo zaidi, kabla ya kuwa chuma. Vustaiti hiyohiyo ndiyo sehemu kubwa ya magamba yanayobanduka kwenye nondo zikipita katika rola. Vitabuni huandikwa FeO, ingawa katika kanieneo ya kawaida chuma chake hupungua daima: takriban Fe0.95O hadi Fe0.85O. Kila ioni ya chuma inayokosekana hufidiwa na nyingine mbili zinazopanda kutoka Fe2+ hadi Fe3+. Hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni jinsi nafasi tupu za ioni hizo zilivyojipanga: zimetapakaa ovyo, au zimekusanyika katika vishada.

Wanaotetea vishada wana hoja nzito. Mwaka 1960 Roth alionyesha kwa nyutroni kwamba baadhi ya ioni huacha viti vyao vyenye oksijeni sita na kujibana katika vipenyo vyenye oksijeni nne. Mwaka 1969 Koch na Cohen, wakipima fuwele moja ya Fe0.902O kwa eksirei, walipendekeza kishada chenye nafasi tupu 13 na ioni 4 zilizojibana. Kinafanana na kipande kidogo cha magnetaiti, jambo linaloeleza kwa nini magnetaiti huchipuka humo kwa urahisi. Catlow na Fender, mwaka 1975, walikokotoa kwamba hata kishada kidogo cha 4 kwa 1 (nafasi tupu 4, ioni 1 iliyojibana) hutulia. Tena kuna vilele vidogo vya ziada katika picha za eksirei, vinavyoashiria mpangilio unaojirudia kila mara 2.5 hivi ya ukingo wa chembe ya fuwele, yaani kipande kidogo kinachojirudia kuijenga. Nafasi tupu zilizotapakaa ovyo hazitoi vilele vya namna hiyo.

Ila fuwele ya mwaka 1969 ilikuwa imepozwa ghafla. Ioni za chuma husogea upesi, na hata karibu na 300 °C zinaweza kujipanga upya kabla vustaiti haijavunjika. Kwa hiyo huenda tunapima kilichotokea wakati wa kupoa, tukikiita hali ya tanuri.

Hesabu nayo haisaidii sana. Chukua Fe0.93O: kila viti 100 vina upungufu wa ioni 7. Vishada vya 13 kwa 4 vingehitaji nafasi tupu 10.1 na ioni 3.1 zilizojibana, vya 4 kwa 1 vingehitaji 9.3 na 2.3. Tofauti haifiki kiti kimoja katika mia. Mbaya zaidi, kishada cha 13 kwa 4 kikiwa na nafasi tupu 3 huru pembeni hutoa uwiano uleule wa 4 kwa 1. Mtu anayetangaza aina ya kishada kwa wastani huu pekee anakisia.

Anayetaka kupima mwenyewe atengeneze sampuli hivi: kwa gramu 10 za Fe0.93O, changanya hemataiti safi gramu 7.84 na unga wa chuma gramu 2.16, funga katika karatasi ya fedha, ziba ndani ya mrija wa silika ulioondolewa hewa, choma kwa 900 °C, kisha tumbukiza katika maji ya barafu. Usitumie karatasi ya chuma: itaongeza chuma kwenye sampuli. Unga ukigusana na silika hutengeneza fayalaiti, silikati ya chuma. Ukipoa polepole, vustaiti hugawanyika kuwa chuma na magnetaiti. Unga ukinata kwenye sumaku, ujue umeharibika.

Ukingo wa chembe upimwe: 3.856 + 0.478y, kwa ångström (sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), ambapo y ni kiasi cha chuma katika FeyO, unatoa 4.30 pale y ikiwa 0.93. Kipimo hicho naamini kinatosha kwa kiasi cha chuma, si kwa umbo la kishada. Kwa umbo, ninaegemea vishada, lakini katika sampuli zilizopoa tu. Kwa joto la tanuri, kinachohitajika ni nyutroni kupita katika sampuli ikiwa bado moto, chini ya mchanganyiko wa CO na CO2 unaoshikilia y mahali pake.