Vipi, Umejenga?

Zamani ukikutana na mtu hapa Dodoma baada ya miaka mingi, mlikuwa mnaulizana hali, watoto, mvua, ng'ombe kama bado wapo. Siku hizi mkono wako bado uko mkononi mwake, hajauachia, tayari kashauliza: "Vipi, umejenga?"

Sijajenga. Haya, nimesema. Naishi Chang'ombe, chumba na sebule, sebule ambayo kochi likiingia mtu mmoja inabidi atoke. Nashona nguo Majengo, karibu na soko, mwaka wa kumi na tano huu. Na kwa kuwa mji mzima unapima watu kwa matofali, mimi ndugu yenu inaonekana sijaanza kuishi.

Kinachoniuma ni kwamba niliwahi kuwa tajiri bila kuarifiwa. Nilikuwa na ekari mbili Mtumba. Mtumba ile ya miiba, ukionekana unaelekea huko watu wanakuuliza umepotelewa na mbuzi. Mwaka 2013 nikaziuza, na aliyenunua nilimwonea huruma kabisa, nikamwongezea na jembe. Sasa jamani, habari ya Serikali kuhamia Dodoma imeamuliwa 1973! Nimezaliwa inahamia, nimebalehe inahamia, nimejifunza cherehani inahamia. Nikasema mimi si mjinga wa kusubiri. Nimeuza, miaka mitatu tu, Julai 2016, Rais Magufuli akasimama hapa hapa Dodoma akasema tunahama. Na safari hii wakahama kweli! Leo Mtumba ndiyo Mji wa Serikali, wizara zimepangana kule. Pale nilipokuwa napanda uwele, sasa hivi huenda kuna mtu anasaini posho.

Na hela zenyewe zilikwenda wapi? Zilikwenda kwa baba mkwe. Ng'ombe wa mahari. Chenji ndiyo nikanunulia cherehani. Siku moja nimekaa nimekunja uso nikamwambia mke wangu, "Mama Neema, unajua wewe ndiye mke ghali kuliko wote Kanda ya Kati? Nimekuoa kwa wizara nzima." Hakugeuka hata, alikuwa anasonga ugali. "Na mimi Baba Neema ningejua, ningesubiri 2016 niolewe na yule aliyenunua shamba."

Mlenda wa siku hiyo ulinipita kooni bila kusalimia.

Babu yangu angekuwepo angecheka. Yeye alifanya kazi Kongwa, Waingereza walipokuja mwaka 1947 na mradi wao wa karanga. Walikuwa na matrekta, mabulidoza, karatasi zenye hesabu za mavuno, kila kitu isipokuwa mvua. Mibuyu ikagoma kung'oka, udongo ukikauka unakuwa kama sakafu ya saruji, jembe linarudi limepinda. Kufika 1951 wamefunga wameondoka. Babu akarudi kijijini na koti moja zito la kizungu, akalivaa hadi Oktoba, jua la Ugogo mnalijua, na kijiji kizima kikakubaliana kwamba huyu mzee amefanikiwa. Alikuwa anatoka jasho kama mtungi. Hakulivua. Angelivua angekuwa mtu wa kawaida.

Basi hayo makoti ndiyo nayaona mimi kila siku hapa kibandani, ila sasa yana geti na bati za msauzi.

Maana fundi nguo ana siri za watu. Mtu akipanda cheo mimi najua kabla ya mkewe. Anakuja na suruali tatu, anapumua kwa juu juu, "Fundi, nifungulie kiuno inchi mbili." Nafumua nyuma, natoa ile akiba ya kitambaa, naongeza. Miezi sita, inchi mbili nyingine. Kitambaa kikiisha naweka kiraka cha rangi inayokaribiana, kinafunikwa na koti, heshima inaendelea. Halafu kuna siku anarudi anatembea taratibu, suruali kaishikilia kwa mkono. "Fundi, punguza inchi nne." Kwani vipi bosi? "Daktari kanikataza wali, kanikataza soda, kanikataza nyama, kaniambia nile mlenda." Mlenda! Ule ule alioukimbia kijijini akasema ni chakula cha shida.

Nina mteja mmoja tu ambaye kiuno chake hakijawahi kubadilika, mzee mmoja wa Hombolo mwenye zabibu zake kidogo. Inchi thelathini na mbili tangu nimfahamu. Nilitaka nimtolee mfano hapa wa mtu aliyeridhika na maisha, lakini nikakumbuka ana deni langu la tangu mavuno ya mwaka juzi, na zabibu huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Kuridhika kwake nakulipia mimi.

Sasa juzi nani kaingia kibandani? Yule yule mwenzangu wa darasa la saba, aliyeniuliza "umejenga?" mbele za watu msibani, mpaka waombolezaji wakanyamaza wasikie jibu. Yeye kajenga Nzuguni. Marumaru, jipsamu, madirisha ya aluminiamu. Kaja kwa miguu. Nikamuuliza gari, akasema lipo kwa fundi, akaangalia pembeni. Akatoa suruali kwenye mfuko wa rambo.

Nikamzungushia futi kiunoni. Zamani arobaini, sasa thelathini na tano.

"Umekonda, ndugu yangu."

"Acha tu. Nilichukua ile mikopo ya kausha damu nimalizie fensi. Marejesho kila Ijumaa. Wakigonga geti naingia chumbani najifunika shuka." Akakaa kidogo kwenye kigoda changu, akashusha pumzi, akasema hapa kuna upepo mzuri.

Nikachukua mkasi. Akanishika mkono.

"Usikate! Kunja tu kwa ndani, kitambaa kibaki. Nikimaliza fensi nitanenepa."

Nikakunja, nikashona, nikampigia na pasi. Elfu tatu. Kasema atanilipa akimaliza fensi.