Mbwa wa jirani ana cheti, mimi naitwa Mzungu

Juzi mzee mmoja amenisimamisha njiani msituni. Hakunisalimia. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akatamka neno moja tu: "Aprili." Kisha huyo, akaenda zake.

Nilikuwa nimemfungua mbwa kamba, nusu dakika haijafika, achezee kitheluji kilichobaki kando ya njia. Wala si wangu. Ni wa jirani yangu, mgongo umemshika, basi jioni humtembezea. Damu ilinichemka, lakini nikamfunga, maana mzee alikuwa na haki. Hapa Norway, tangu tarehe 1 Aprili hadi 20 Agosti, mbwa haachiwi ovyo, kwa kuwa ndiyo miezi ya wanyama na ndege kuzaa na kulea. Tarehe hiyo watu wanaijua kama sisi tunavyoujua mwezi wa Ramadhani, isipokuwa huku hakuna anayegombana umeandama wapi.

Huyo mbwa mnayemwona mimi ndiye ninayemshikia kamba, kisomo amenizidi. Kazi yake ni elgi, yule mnyama wa jamii ya paa aliye mkubwa kuliko ng'ombe, pembe zimetandaa kama koleo. Msimu wake unafunguliwa tarehe 25 Septemba. Mwindaji hawezi kutoka hivi hivi: ameshapita kozi na mtihani, na kila mwaka lazima apige risasi tano kwenye shabaha, mita 100, zote zitue ndani ya duara la sentimita 30. Ikikosa moja, arudie. Hayo nayaelewa. Kilichonishinda kuamini ni kwamba lazima awe na mbwa aliyefaulu mtihani wa kufuata mnyama aliyejeruhiwa, na kama hana, awe na mkataba wa maandishi na mwenye mbwa kama huyo, aweze kufika ndani ya saa nne. Ukimjeruhi mnyama umejifunga deni. Huendi nyumbani kula. Tena kuna mbwa wanaopimwa urefu! Wa kumfukuza paa mdogo wa huku asizidi sentimita 41 begani. Nilipomsimulia mke wangu aliniuliza kama na sisi tutapimwa.

Najua mnachosema huko kwetu Unguja. "Kaona theluji mara mbili, keshakuwa Mzungu. Anamshika mbwa, najisi ile!" Ngojeni kwanza. Chuoni tulikaa mkeka mmoja, na maalim alitusomesha Suratul Maida, aya ya nne. Imehalalishwa kwetu windo la mnyama tuliyemfundisha. Na aliyefundishwa ni yupi? Ukimtuma aende, ukimwita arudi, windo asilile, na wewe umtume kwa Bismillahi. Akilila, amejikamatia mwenyewe, si wewe, usile. Huo si mtihani wa mbwa ni nini? Sisi tuliupokea kabla jirani yangu hajazaliwa na babu yake na babu wa babu yake. Na mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba hatukukatazwa kumfuga. Mate yake naosha mara saba, moja kwa udongo. Nina kopo la udongo ukumbini, kwa sababu wa nje wakati wa baridi unaganda kuwa jiwe. Haya, nani amekuwa Mzungu?

Mjomba wangu alikuwa msasi, kusini Unguja. Nilikuwa mdogo nikiwaona wakitoka asubuhi na nyavu, mikuki na mbwa kwenda maweni kutafuta nguruwe waliomaliza muhogo. Jioni wanarudi, mwenye shamba anashukuru, na watoto sisi tunawapiga mawe mbwa wale wale walioulinda muhogo tunaokula usiku. Hilo mpaka leo linanikera. Mjomba alikuwa akiwaita kwa majina, mmoja mmoja, na walikuwa wakisimama akisema simama. Hakuna aliyempa cheti.

Ila nisijidai. Siku nyingine nguruwe hakuonekana, akaonekana paa. Na huko kwetu wapo paa nunga, ambao ukitoka Unguja utawapata kwenye misitu michache tu ya pwani ya Kenya, basi. Mbwa hajui nunga ni nani. Paa akitoroka na mkuki, jua likizama ameshasahauliwa. Sheria ipo, ya misitu tunayo tangu 1996, na Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, msije mkanifundisha. Lakini hebu simama njiani Kitogani umwambie msasi na mbwa wake, "Bwana, huu mwezi wa kuzaa." Utaulizwa wewe kama nani. Utaulizwa baba yako nani. Na yule ambaye nguruwe wamemfyekea shamba zima atakuuliza kwa nini hukuja wewe kuwakataza nguruwe, na hapo hata mimi sina jibu.

Wala msidhani huku ni peponi. Watajeni mbwamwitu, wauawe au waachwe, mbele ya mfugaji wa kondoo na mtu wa mjini, muone watu wastaarabu wanavyotupiana maneno kama wachuuzi wa samaki. Jirani yangu mwenyewe, mpole kama maji ya mtungini, likija hilo anasimama wima na mgongo wake mbovu.

Jana nilimpigia mjomba nikamhadithia habari ya mzee wa Aprili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza jina la mbwa. Nikamwambia Sjur. Alijaribu mara tatu, akakata tamaa.

"Mwite Simba," alisema. "Ataitika."

Nimejaribu asubuhi hii. Haitiki.