Kijiti ndicho kinachosema oili imetosha

Naamini kwamba mwenye gari ndiye anayefaa kubadilisha oili ya injini yake, si kwa kuwa mafundi wetu hawajui kazi, bali kwa kuwa fundi mwenye foleni ya magari hana nafasi ya kungoja kijiti cha kupimia kiseme. Hapa Unguja imekuwa mazoea kumimina galoni zima la lita 4 kwa sababu ndivyo linavyouzwa, ilhali injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika Toyota IST nyingi, huhitaji lita 3.7 tu, pamoja na filta mpya. Mwaka jana gereji moja ilinijazia hivyo hivyo, na asubuhi yake nikakuta oili imepita alama ya juu. Nilihuzunika sana, kwani nilikuwa nimelipia matunzo.

Wengi hudhani kuzidisha ni kuweka akiba. Oili ikizidi mno, krankshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huifikia na kuipiga mpaka itoe povu, na povu limejaa hewa, kwa hiyo vyuma hukosa ule utando wa kuvikinga visisagane. Sili nazo, zile pete za kuzuia oili isitoke, huweza kuanza kuvuja.

Kazi hii huifanya nyumbani Fuoni baada ya Alasiri, penye sakafu tambarare, injini ikiwa vuguvugu ili oili ishuke kwa wepesi. Siingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Lazima likae juu ya stendi. Oili ikishachuruzika mpaka matone yanahesabika, narudisha nati ya chini ya kutolea oili pamoja na washa mpya, ile pete yake ya kuzibia, naupaka oili kidogo mpira wa filta mpya na kuikaza filta kwa mkono, kisha namimina lita 3 na nusu, nasimama hapo. Nawasha injini kidogo ili filta ijae, naizima, nateremsha gari, nangoja dakika 5 hivi, nafuta kijiti, nakichovya na kukisoma. Kilichopungua nakiongeza kidogo kidogo, bila kupita alama ya juu.

Oili chafu siimwagi uani hata tone, maana kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji ya visima vyetu yamo humo humo; huifunga ndani ya galoni la zamani. Kile kidogo kinachobaki katika galoni jipya hukaa ndani ya buti, kikingoja siku kijiti kitakapoonyesha kupungua.