WordPress au Wix: funguo za tovuti zikae kwa nani?

Mwenye kampuni ndogo ya utalii Arusha aliniita mwaka jana. Tangu msimu uanze, hakuna mgeni aliyemwandikia kupitia tovuti yake. Tukakaa kwenye kompyuta. Tovuti ilikuwa ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, yenye plagini 31, yaani programu ndogo za nyongeza. 19 zilisubiri sasisho. Fomu yenyewe ilifanya kazi vizuri: maombi 42 yalikuwa yamehifadhiwa humo humo. Barua pepe za kumjulisha ndizo zilizoishia kwenye spamu. Nikamuuliza nywila ya domeni, yaani jina la tovuti mtandaoni. Anayo kijana aliyetengeneza tovuti, akasema, na kijana alishaondoka mjini.

"Sasa kaka, nihamie Wix au nibaki?"

Wix, huduma ya kujijengea tovuti kwenye mitambo ya kampuni yenyewe, ina hoja nzito, ingawa mafundi wengi huidharau. Unalipa ada, na seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), ulinzi na masasisho vinakuwa kazi ya kampuni hiyo. Mwenye saluni ambaye wateja wake humfikia kwa WhatsApp, akihitaji kurasa nne tu za picha, bei na ramani, simwoni akipata hasara. Ubaya unaonekana siku ya kuondoka: tovuti ya Wix haihamishiki kwenda kwenye seva ya mwingine. Baadhi ya maudhui unaweza kuyatoa, lakini muundo unauacha na kujenga upya. Ada ikipanda, huna pa kwenda haraka.

WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ni programu huria, yaani yeyote anaweza kuitumia na kuibadilisha bure, na kwa hesabu za W3Techs, wanaofuatilia teknolojia za tovuti, inaendesha zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani. Faida yake kwetu ni kwamba fundi wa kuirekebisha hakosekani, iwe Mwanza au Mombasa. Anayeuza mtandaoni huongeza WooCommerce, plagini ya duka, kisha plagini ya Pesapal, kampuni ya malipo, na mteja analipa kwa simu. Shopify, huduma ya kulipia ya kujengea duka la mtandaoni, ni nzuri, lakini huduma yake yenyewe ya malipo haijafika Tanzania wala Kenya. Ukitumia ya kampuni nyingine, Shopify inakukata hadi asilimia 2 ya mauzo kwenye mipango yake ya kawaida, mbali na makato ya kampuni hiyo. Kwa anayeuza sabuni au vitenge kwa faida ndogo, hiyo ni pesa.

Lakini programu kuwa bure hakuondoi gharama. Kuna hostingi ya kulipia, yaani nafasi ya tovuti kwenye seva, nakala rudufu za kuhifadhi, na masasisho ya kila wiki, maana matundu mengi ya usalama ya WordPress hupatikana kwenye plagini. Hatari zaidi ni themu (violezo vya mwonekano wa tovuti) za kulipia ambazo watu huzipakua bure kwenye tovuti za wizi. Nyingi huja na msimbo wa kumfungulia mdukuzi mlango. Hata uhuru wenyewe una mipaka. Septemba 2024 Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress, aligombana na kampuni ya hostingi ya WP Engine na kuifungia huduma za WordPress.org, ambako masasisho na plagini hutoka. Wateja wa kampuni hiyo, ambao ugomvi haukuwahusu, wakashindwa kwa muda kupata masasisho kwa njia ya kawaida.

Kwa mtu wangu wa Arusha, kilichoamua ni kurasa. Anazo zaidi ya 60: Machame, Lemosho, Marangu, Serengeti ya siku tatu, ya siku tano, kila moja na bei zake, na Google imezizoea kwa miaka. Kuhamia Wix kungemaanisha kuzijenga moja moja na kuelekeza kila anuani ya zamani kwenye mpya. Nikamwambia abaki, kwa sharti la kumlipa fundi kila mwezi. Asiyekuwa tayari kulipa hivyo, bora Wix kuliko WordPress iliyotelekezwa. Tulibakiza plagini 12 na kuhamishia barua pepe kwenye huduma maalumu ya kutuma. Domeni yake ya .co.tz ilichukua wiki mbili kuandikishwa kwa jina lake, tena baada ya kumtafuta kijana yule kupitia ndugu zake.

Jioni ile ya kwanza, kabla ya kugusa chochote, tulisoma yale maombi 42. Familia ya watu sita ilitaka kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho mwezi Julai. Tulikuwa Agosti.