Upepo Ukiangusha Miti, Tusiumalizie Msitu kwa Moto

Sisi wa Kigoma hatuko kwenye njia ya vimbunga. Tuko karibu nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, ndani kabisa ya bara, na kimbunga cha Bahari ya Hindi huishiwa nguvu mapema kabla hakijaliona Ziwa Tanganyika. Lakini mvua za kwanza zikija na upepo wake, miti huanguka vilimani, na kila mara nasikia kauli ileile: "Mti umeanguka wenyewe, kosa liko wapi?" Kosa liko katika yale tunayoyafanya baada ya hapo.

Tazameni yaliyowapata watu wa milima ya Appalachia kule Marekani. Kimbunga Helene kiliingia nchi kavu Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024, kikapanda hadi milima ya North Carolina, mamia ya kilomita kutoka kilikotua. Mlima Mitchell ulipata zaidi ya milimita 600 za mvua kwa siku chache. Udongo ukishalowa kiasi hicho mizizi haina pa kushika, na upepo wa miinukoni ukailaza miti, mmoja juu ya mwingine. Machi 2025 magogo na matawi yale, sasa makavu, yakauchochea moto kichaa uliozuka North na South Carolina. Wazima moto walipata shida hata kupita, maana njia zilikuwa zimezibwa na miti ileile.

Upepo peke yake msitu huuvumilia. Kimbunga Maria kilipopiga kisiwa cha Puerto Rico, katika Bahari ya Karibi, tarehe 20 Septemba 2017, msitu wa milima ya El Yunque ulipukutika majani, ukageuka wa kahawia, kisha ukaanza kuchipua. Huko kuna mti uitwao tabonuco, ambao kwenye migongo ya milima mizizi yake hujisokota kwenye miamba na kuungana na ya jirani zake, hivyo wanashikana upepo unapovuma.

Hapa kwetu miombo nayo ina uhai huo. Utazame mti wa mtundu, mmoja wa miti ya miombo, ulioangushwa msimu uliopita: upande mmoja wa mizizi umeinuka na udongo mwekundu umeganda juu yake, upande wa pili bado umo ardhini, na kutoka kwenye gogo machipukizi yamesimama wima, majani yake mekundu kabla hayajageuka kijani. Mti huo haujafa. Anayekuja na msumeno akaukata chini ya machipukizi, akapanga tanuru la mkaa palepale, ndiye anayeuua. Tanuru likiachwa bila mtu mwezi wa Agosti, nyasi zote za kilima ziko hatarini, pamoja na miche iliyokuwa ikipata jua kwa mara ya kwanza.

Tena tunauita upepo wenyewe. Mti uliokulia katikati ya wenzake una shina refu, jembamba, haujazoea kupigwa. Ukifyeka shamba hadi miguuni pake, umeuweka mstari wa mbele. Ndiyo maana mara nyingi iangukayo ni ile ya ukingoni mwa mashamba mapya.

Sisemi akina mama wasiokote kuni. Wakiokota matawi makavu wanapunguza chakula cha moto, na hilo ni jema. Ninachokipinga ni tanuru ndani ya msitu ulioangushwa, na kuwasha moto "kusafisha" mabaki. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kuwa na misitu yao ya hifadhi, kwa hiyo hatuhitaji kumsubiri mtu wa mjini. Mikutano ya vijiji ya Mei iliweke jambo hili kwenye ajenda: barabara za kuzuia moto zifyekwe kabla nyasi hazijakauka, zianzie pale upepo ulipoangusha miti mingi, na tanuru lipigwe marufuku humo mpaka machipukizi yawe miti.