Upeo wa mwanga wa kamera na jua la Zanzibar

Anayetafuta kamera ya dijitali hukutana mapema na namba ya upeo wa mwanga, yaani uwezo wa kamera kushika weupe mkali na giza zito ndani ya picha moja. Hupimwa kwa stopu, na kila stopu inayoongezeka ni mwanga maradufu. Kamera ya stopu 14 hubeba tofauti ya zaidi ya mara 16,000 kati ya giza na weupe. Wapo wapigapicha wanaochagua kamera kwa namba hii kwanza, na wapo wanaosema ni mapambo ya wauzaji. Kwa visiwani hapa, naona wa kwanza wana hoja nzito zaidi, lakini kwa masharti.

Tazama mwanga wenyewe. Saa saba mchana, uchochoro wa Mji Mkongwe una ukuta mmoja wa chokaa unaowaka jua na mwingine uliozama kivulini. Paje au Jambiani maji yakipwa, mchanga mweupe unarudisha mwanga machoni huku wakulima wa mwani wameinama, nyuso zao zikiwa kwenye kivuli cha mtandio. Ukipima mwanga kwa kufuata mchanga, uso unakuwa mweusi tii. Ukipima kwa kufuata uso, mchanga na mawingu vinaungua, yaani vinabaki weupe mtupu, na kilichoungua kwenye sensa, kile kitambuzi cha mwanga ndani ya kamera, hakirudi. Kanzu nyeupe na ngozi nyeusi juani ni mtihani huohuo. Mtu wetu anastahili uso wake uonekane vizuri kama kanzu yake, na ndiyo maana sikubali kwamba stopu ni hesabu za maabara tu. Kwenye upeo mpana unailinda kanzu wakati wa kupiga, kisha unaung'arisha uso kwenye kompyuta bila kujaza chenga, zile punje punje zinazochafua picha.

Upande wa pili nao una ushahidi. Mwaka 2012 zilitoka Nikon D800 na Canon 5D Mark III. Vipimo vya DxOMark, wapimaji wa kamera wa Ufaransa, viliipa ya kwanza stopu 14.4 na ya pili 11.7. Chanzo kikubwa kilikuwa chenga za kielektroniki wakati ishara inasomwa kutoka kwenye sensa, ambazo Canon ya wakati huo ilikuwa nazo nyingi zaidi. Hata hivyo, 5D Mark III ilipendwa sana na wapiga harusi duniani, na hawakukosea. Namba zile ni za ISO 100, ISO ikiwa kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kila ISO ilipopandishwa mara mbili, D800 ilipoteza karibu stopu nzima ya upeo, ilhali Canon mwanzoni ilipoteza kidogo tu, na kufika ISO 3200 au 6400 pengo kati ya kamera zile mbili lilikuwa limekwisha. Kwa hiyo anayepiga harusi za usiku ukumbini, au wauza mishikaki na urojo wa Forodhani kwa mwanga wa taa zao, namba ya kwenye boksi haimsaidii sana. Lenzi inayofunguka hadi f/1.8, yaani inayoingiza mwanga mwingi, na flashi vitamfaa zaidi.

Sharti jingine ni faili. Anayepiga JPEG na kumrushia mteja kwa WhatsApp usiku uleule ameshatupa sehemu kubwa ya alichokilipia, kwa sababu maelezo ya kivulini yanabaki kamili kwenye RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalibana.

Hoja ya wapinzani ninayoiheshimu zaidi inahusu kivuli chenyewe. Picha nyingi za siku hizi zimeng'arishwa sehemu zake za giza mpaka uchochoro unaonekana kama dukani penye taa za tyubu. Giza la Mji Mkongwe ni sehemu ya mji, na kamera haimlazimishi mtu kulifuta. Simu nazo huunganisha fremu kadhaa kupata upeo mpana, na kwa jengo lililosimama zinafanya vizuri. Ngalawa inapokwenda na tanga linapopepea, fremu hugoma kulingana.

Kufikia 5D Mark IV ya mwaka 2016, Canon nayo ilikuwa imeziba sehemu kubwa ya pengo lile. Kwa hiyo mpigapicha wa mchana, wa pwani na mitaani, asishuke kwenye sensa za kizazi cha zamani zenye stopu 11, hata kama bei inashawishi. Lakini nusu stopu kati ya kamera mbili za kisasa mimi nisingeilipia. Ningechukua iliyotumika, na pesa inayobaki ningenunulia lenzi nzuri na kiakisi cha kurudishia mwanga usoni.