Futi Niliyoitengeneza

Karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam, mahali ambapo ukipiga chafya mafundi watano wanakupa pole. Kwa hiyo siku mashine yangu ya CNC, ile inayokata mbao kwa kuongozwa na kompyuta, ilipoanza kudanganya vipimo, habari zilifika mtaa wa pili kabla sijaizima.

Nilikuwa na milango sita ya kabati la jikoni, ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa), kila mmoja milimita 700 kwenda juu. Nikajaribu kwanza na kipande cha 100. Futi yangu ya kuvuta ikasoma 101. Nikakata kingine: 101.

Nikavua shati. Nikakaza kaplingi ya mota, nikafuta vumbi kwenye reli, nikapaka skrubu grisi mpaka mikono ikawa kama ya muuza chipsi. 101. Dogo, msaidizi wangu, akasema labda imelogwa. Nikamwambia mambo hayo hatuyaongei mbele ya kompyuta.

Basi nikaingia kwenye hesabu. Mota inapiga hatua 1,600 kwa mzunguko, na kila mzunguko wa skrubu unasogeza kichwa milimita 5, yaani hatua 320 kwa milimita. Nikazidisha kwa 100, nikagawa kwa 101: 316.8. Nikaingiza kwenye programu, nikakata. Futi ikasoma 100 kamili! Nikaagiza soda mbili, nikakata milango yote sita bila kupima hata mmoja. Nipime nini, na mashine nimeshairekebisha?

Milango ikasoma 694.

Hapo ndipo akatokea Mzee, jirani yangu, mtu wa randa na patasi, ambaye tangu nilete ile mashine anaiita friji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Friji imegoma kugandisha?"

Akaokota kile kipande changu cha kwanza, akakipima kwa futi yake. 100. Akapima mlango: 693. Akaiomba futi yangu, akashika kile kindoano cha mbele, akakivuta. Wapi!

"Hiki kinatakiwa kicheze."

"Kicheze?"

"Kwa unene wake chenyewe. Ukikiangika ukingoni mwa ubao kinatoka, ukikisukuma ukutani kinarudi, ndiyo vipimo vinalingana. Nani kakigonga nyundo?"

Nikatazama juu, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye mabati.

"Bosi," Dogo akasema, "si wewe, ile Jumapili? Ulisema umeikuta imelegea."

Kweli. Niliona kinacheza, nikakisukuma ndani, nikapiga rivet zote mbili zinazokishika zikalala. Siku ile nilijisifu sana. Tangu hapo kila ubao niliouangikia futi ulizidi milimita moja, uwe mfupi uwe mrefu. Ningekata hata kipande kimoja cha 700 kabla ya kugusa namba, ningesoma 701 badala ya 707 nikashtuka, maana kosa la hatua hukua kadiri ubao unavyorefuka. Lakini mimi kosa la futi nililigeuza hesabu nikaipa mashine, nayo ikatii kama askari.

Nikarudisha 320, nikanunua MDF nyingine kwa hela yangu. Mwenye kabati akapiga simu.

"Mwanangu, milango yangu?"

"Iko kwenye rangi, mama."

Jioni nikaleta futi mpya, nikaiweka mezani, nikaenda kunawa. Narudi, namkuta Dogo ameinama, nyundo mkononi.

"Bosi, wamekuuzia mbovu. Na hii nayo inacheza."